Nyuzi za Goti Langu

Kwa miaka 31 nilifundisha Hisabati katika shule za msingi hapa Tanga, na kila mwaka tulipofika kwenye mada ya pembe nilikuwa nikiweka ubaoni kipimapembe kikubwa cha mbao na kuwaeleza watoto kwamba pembe mraba ina nyuzi 90, pembe nyoofu ina nyuzi 180, na kwamba ukubwa wa pembe hautegemei urefu wa mistari yake. Nimestaafu, kipimapembe nimekiacha shuleni, lakini mwaka jana, nikiwa na umri wa miaka 64, nyuzi zilinifuata hadi kitandani. Kijana mmoja wa mazoezi tiba aliweka juu ya mguu wangu wa kulia kifaa cha plastiki kinachofanana na rula mbili zilizounganishwa kwa msumari mmoja, rula moja ikielekea nyonga na nyingine ikielekea kifundo cha mguu, akaniomba nikunje goti hadi mwisho wa uwezo wangu, akasoma: 62. Akaniomba nilinyooshe, akasoma tena, na goti lilikuwa limebakiza nyuzi 15 kunyooka. Mimi niliyezoea kuuhesabu mstari ulionyooka kuwa nyuzi 180 ilinibidi nijifunze upya, kwa sababu wao mguu ulionyooka huuita sifuri, kisha huhesabu kuanzia hapo kadiri kisigino kinavyorudi nyuma kuelekea makalio.

Ilikuwa siku ya 16 tangu nibadilishiwe goti jijini Dar es Salaam. Siku mbili nyuma nilikuwa nimetolewa nyuzi za jeraha, na kwa jamaa zangu habari kwamba nyuzi zimetoka ilikuwa na maana moja tu: kazi imekwisha, mgonjwa amebakiwa na kunywa supu na kupumzika. Kumbe zilizotoka zilikuwa nyuzi za mshonaji, na zile nyingine, ambazo hakuna daktari wa kunishonea, ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuhesabiwa.

Nieleze kidogo goti lenyewe. Mtaani kwetu mtu akiumwa magoti uzeeni huambiwa kwamba ute umekwisha, nami nililiamini neno hilo kwa muda mrefu, mpaka nilipoonyeshwa picha ya eksirei na kuelezwa kwamba kilichokwisha ni gegedu, yaani lile tabaka telezi linalofunika ncha za mifupa, kiasi kwamba mfupa wa paja ulikuwa umelalia mfupa wa muundi bila chochote katikati. Katika upasuaji, nyuso zilizoharibika hukatwa, ncha ya paja huvikwa kofia ya metali, juu ya muundi huwekwa bamba la metali, na katikati hukaa kipande cha plastiki ngumu ambacho ndicho kinachofanya kazi iliyokuwa ikifanywa na gegedu. Mwaka 1890, wakati bandari za Pangani na Bagamoyo bado zinasafirisha pembe za ndovu, daktari wa Kijerumani Themistocles Gluck alimwekea mgonjwa goti lililochongwa kwa pembe hizo hizo huko Berlin. Magoti yake hayakudumu, kwa kuwa wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha viungo na vidonda vikaoza, lakini kila nikilitazama kovu langu huwaza jinsi lugha yetu ilivyolipa jina moja pembe la ndovu na pembe la mwalimu wa Hisabati.

Metali ile ilikuwa tayari kukunja tangu saa ya kwanza. Daktari aliniambia kwamba nikiwa bado na ganzi aliukunja mguu wangu juu ya meza na haukuleta ubishi wowote. Kinachokataa baadaye ni nyama. Goti linavimba, uvimbe unajaza nafasi iliyopaswa kutumiwa na mkunjo, misuli ya paja inajikaza kwa kujihami, na wakati huohuo mwili, katika bidii yake ya kuponya, unatandaza makovu ndani ya goti bila kujua mwenye goti anataka kulifanyia nini. Makovu hayo katika wiki za mwanzo ni laini, nayo hufuata goti linavyochezeshwa. Goti lisipochezeshwa yanagandana na kufupika. Mwenye kupika bada, ule ugali wa muhogo, ataelewa haraka kuliko kwa mfano wowote wa hospitali: ikiwa ingali ya moto inafuata mwiko, ikishapoa inabaki na umbo la sufuria. Mtaalamu wangu aliniambia kwamba sehemu kubwa ya mkunjo huamuliwa ndani ya wiki 12 za kwanza, ingawa kuongezeka kidogo kidogo huweza kuendelea hadi mwaka mzima.

Na mimi katika wiki hizo za thamani nilikuwa nimezipoteza mbili kwa sababu ya mto.

Nilipotoka hospitali nilikaa kwanza kwa binti yangu Dar es Salaam, na dada yangu mkubwa akaja kutoka Tanga kuniuguza. Dada ni mtu wa huruma sana, na huruma yake aliikunja ikawa mto, akauweka chini ya goti langu. Raha niliyoipata siwezi kuificha. Goti lililovimba hupenda kukaa limekunjika kidogo, kwa kuwa katika hali hiyo maji ya uvimbe hupata nafasi kubwa zaidi, na ndiyo maana mto ule ulituliza maumivu kuliko vidonge. Usiku na mchana nilikaa hivyo. Karatasi ya maelekezo niliyopewa hospitali ilikuwa ndani ya mkoba, nami niliyewachapa watoto wa watu kwa sababu ya vitabu vya mazoezi visivyofunguliwa sikuifungua.

Tuliporudi Tanga, kwa gari dogo na kwa kusimama mara tatu njiani ili nishuke nitembee kidogo damu isigande miguuni, nilianza kliniki ya mazoezi tiba hospitalini Bombo mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya nyumbani kila siku. Kijana alinisalimu, "Shikamoo mwalimu," nikamwitikia, akapima kama nilivyoeleza hapo juu, kisha akauliza usiku ninalalaje. Nilipotaja mto alitabasamu kwa adabu.

"Mwalimu, huo mto tuuhamishe. Uwe chini ya kisigino, si chini ya goti."

Tofauti ni ya sentimita arobaini tu, lakini mto ukiwa chini ya kisigino goti hubaki hewani, na uzito wake wenyewe hulivuta chini mpaka linyooke. Dakika 10 za kwanza nilitokwa na machozi. Dada, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba wangu mapajani, hakuvumilia.

"Mwanangu, mgonjwa analia nawe unatazama saa?"

"Nisamehe bi mkubwa. Nikimwonea huruma leo, atachechemea mpaka Idi ya mwakani."

Nilishangaa kwamba alianza na kunyoosha wakati mimi hofu yangu yote ilikuwa kwenye kukunja. Alieleza kwamba mtu anaweza kuishi na goti linalokunja nyuzi 95, lakini lisiponyooka mguu unakuwa mfupi kuliko mwenzake, mwendo unakuwa wa kuchechemea, na misuli ya paja haipumziki hata ukisimama tu kwenye foleni, kwa sababu muda wote inashikilia goti lisianguke. Nyuzi zile 15 zilinichukua wiki tano kuzimaliza, na naziandika hapa kwa heshima kubwa kuliko zote zilizofuata.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu. Kulala chali na kukaza paja, kana kwamba unataka kuigandamiza sehemu ya nyuma ya goti kitandani, ukahesabu hadi tano na kuachia. Kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka. Kuisukuma pia ya goti kwa vidole, kushoto na kulia, juu na chini, ili isinase kwenye makovu. Kuburuza kisigino sakafuni kuelekea makalio, ambapo niligundua kwamba kukiweka juu ya kipande cha kanga ya zamani kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa nili hurahisisha kuteleza kuliko kukiburuza kitandani. Na zoezi nililolichukia: kukaa kwenye kiti, kupitisha mguu mzima mbele ya ule mgonjwa, na kuusukuma mgonjwa urudi nyuma chini ya kiti mpaka pale unapokataa, kisha kukaa hapo pa kukataa kwa sekunde 30. Nilifanya vipindi vitatu kwa siku na nikavifungamanisha na adhana, kwa kuwa saa ya ukutani inaweza kupuuzwa. Kidonge cha maumivu nilikinywa nusu saa kabla ya kipindi, si baada yake. Kipimo cha kujua nimezidisha kilikuwa rahisi: maumivu yanayotulia ndani ya saa moja au mbili ni ya kawaida, goti linaloamka kesho yake limevimba kuliko jana limeonewa. Homa, usaha, au shavu la mguu kuvimba na kuuma si mambo ya kuvumilia nyumbani, bali ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Kulikuwa na mgogoro wa kukanda. Dada alikwisha kuchemsha maji na kutafuta mafuta, kwa kuwa hakuna mgonjwa wa mguu aliyepita mikononi mwake bila kukandwa, akaambiwa kwamba goti bado la moto na limevimba, kwa hiyo maji ya moto yataongeza uvimbe. Kilichotakiwa ni barafu iliyofungwa kwenye kanga, dakika 15 hadi 20, baada ya kila kipindi. Tukawa tunanunua barafu kwa jirani anayeuza maji baridi, naye akadhani tuna harusi. Ilipofika wiki ya saba, jeraha likiwa limefunga kabisa, kijana mwenyewe alisema sasa kovu lichuliwe kwa mafuta ya nazi ili ngozi isigandane na nyama ya chini. Dada alinitazama bila kusema kitu, akaenda kuleta chupa aliyokuwa ameificha nyuma ya kabati kwa mwezi mzima.

Vipimo nilivirekodi katika daftari la mraba. Wiki ya tatu 70, wiki ya nne 78, wiki ya tano 84. Kisha mstari ukalala: 84, 85, 83, 85. Kwa siku 12 goti halikutoa hata uzi mmoja, na kwa mara ya kwanza nilisikia habari ya kulazwa kwa dawa ya usingizi ili daktari alikunje goti kwa nguvu na kuyaachanisha makovu yaliyoshikana, jambo ambalo hufikiriwa goti likigoma, na ambalo hufaa zaidi likifanywa kabla makovu hayajakomaa. Kijana hakunitisha. Alikaa chini, akaniuliza swali ambalo nadhani lingepaswa kuulizwa kabla ya upasuaji: goti hili unalitakia nini?

Nikamtajia. Kutembea hadi sokoni. Kupanda ngazi za kwa binti yangu. Kukuna nazi nikiwa nimekaa juu ya mbuzi. Kukaa kwenye mkeka na wenzangu katika shughuli. Kuswali kama watu wanavyoswali. Kutumia choo chetu cha kuchuchumaa. Na kuendesha baiskeli, kwa maana mimi ni mtu wa Tanga.

Akaanza kunipangia bei. Kutembea kwenye njia tambarare hutaka takriban nyuzi 65, na hiyo nilikuwa nayo tayari. Kupanda ngazi ni kama 85, kushuka ni 90 na kitu. Kuinuka kwenye kiti cha kawaida bila kujivuta kwa mikono ni kati ya 95 na 105. Baiskeli, kukamilisha mzunguko wa pedeli, ni karibu 105 hadi 110. Mbuzi, ambayo kimo chake hakifiki hata nusu ya kiti, inavuka hapo. Kuchuchumaa na kukaa tahiyatu katika sala ni 130 na zaidi, na hapo alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Magoti mengi yaliyobadilishwa, alisema, huishia kati ya 110 na 120, na kinachotabiri zaidi mwisho wa goti ni jinsi lilivyokuwa likikunja kabla ya upasuaji. Langu kabla ya upasuaji lilikuwa limekwisha kukazana hadi 106.

Nililitazama daftari langu na kuona kwamba vitabu vinavyoandika kuwa nyuzi 90 zinatosha kwa shughuli za kila siku vimeandikwa na watu wanaokaa vitini kutwa. Nyumba zetu za Ngamiani, hapa Tanga mjini, zinaishi karibu na ardhi. Tunapikia chini, tunafua chini, tunalia misiba chini, na tunamwomba Mungu kwa paji la uso likiwa chini. Sikulaumu goti, niliona tu kwamba hesabu yangu ina vipengele viwili, yaani nyuzi za kutafuta mguuni na nyuzi za kupunguza ndani ya nyumba.

Za nyumbani zilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Fundi seremala alichukua ubao wa mbuzi yangu, akaukongomea miguu mirefu kama ya benchi, na sasa nakuna nazi nikiwa nimekaa kama karani. Chooni tuliweka kiti cha plastiki kilichokatwa katikati, na ukutani bomba la chuma la kushikilia. Sala niliihamishia kwenye kiti, jambo ambalo dini imemruhusu mgonjwa tangu zamani, ingawa nakiri kwamba Ijumaa ya kwanza kukaa nyuma ya safu na kuona migongo ya wenzangu ikishuka pamoja nilijisikia mgeni. Kupiga magoti juu ya goti bandia si kwamba kunalivunja, lakini upande wa nje wa kovu langu ngozi imebaki na ganzi, na ukiligusa chini ni kama unaegemea kitu ambacho si chako.

Za mguuni zilitoka kwa baiskeli. Nina Phoenix ya zamani yenye stendi ile ya nyuma ambayo ukiikanyaga gurudumu la nyuma linainuka juu. Kijana aliniagiza tuiegeshe uani, karibu na ukuta wa kushika, na kiti tukipandishe hadi mwisho, kwa sababu kadiri kiti kinavyokuwa juu ndivyo pedeli inavyodai mkunjo mdogo. Mwanzoni sikuzungusha kabisa. Nilisukuma pedeli mbele mpaka goti likakataa, nikairudisha nyuma mpaka likakataa tena, mbele na nyuma kama mtu anayeondoa gari matopeni. Dakika 10 asubuhi, 10 jioni. Mjukuu wangu wa darasa la tatu alijipa kazi ya kutazama. Siku ya tisa, nikienda kinyumenyume kwa kuwa huko mnyororo hauna uzito, goti lilipanda, likasita pale juu, nyonga yangu ikajinyanyua kidogo kwa wizi, na pedeli ikapita.

"Bibi, imezunguka!"

Ilizunguka mara moja, na ya pili iligoma. Lakini kesho yake ilizunguka mara sita, na wiki iliyofuata ikaenda mbele. Hapo kijana akatoa amri ambayo sikuitarajia: kiti kishushwe kwa upana wa kidole kimoja. Kila nilipozoea, tuliteremsha kidole kingine, na mimi nikachora alama kwa wino kwenye bomba la kiti. Daftari likaamka: wiki ya nane 96, wiki ya kumi 104, wiki ya 12 ikawa 110. Habari ya dawa ya usingizi haikutajwa tena.

Kutembea nako nilikupima kwa namna ya mji wetu, ambao barabara za Ngamiani zimepewa namba kuanzia ya kwanza hadi ya 21. Nakaa barabara ya 12. Wiki ya tatu, na fremu ya kutembelea, nilifika ya 11 nikarudi kwa bajaji, aibu tupu. Wiki ya saba, na mkongojo mmoja katika mkono wa upande wa mguu mzima, nilifika ya 8. Mwezi wa tatu nilikwenda hadi ya kwanza na kurudi bila kushika kitu. Baadaye, kovu likiwa kavu kabisa, nilipenda kwenda ufukweni Raskazone maji yanapojaa na kutembea ndani ya bahari usawa wa kifua, mahali ambapo mwili unakuwa mwepesi na goti linasahau kujihami.

Baiskeli barabarani nilipanda mwezi wa tano, kwa ruhusa, na kwa kuanza asubuhi sana kabla bodaboda hazijaamka. Leo ni mwaka na mwezi. Goti hutoa mlio mdogo wa metali na plastiki nikishuka ngazi, jioni za siku ndefu hupata joto, na kipimo cha mwisho kilikuwa 118, nyuzi 12 zaidi ya zile nilizoingia nazo hospitali. Katika shughuli nakaa juu ya kigoda huku wenzangu wakiwa mkekani, nao wamezoea kunipitishia sahani juu.

Goti la kushoto nalo limeanza kuniamsha usiku. Picha inaonyesha gegedu bado ipo upande mmoja, hivyo hakuna aliyezungumzia kisu. Nilimwomba kijana alipime hata hivyo, akapata 114 na kunyooka kikamilifu, nikafungua ukurasa mpya wa daftari nikaandika tarehe. Baiskeli ingali uani kwenye stendi yake, kiti kiko kwenye alama ya tatu kutoka chini, na kila baada ya Alfajiri nazungusha dakika 20, mguu huu ukimvuta mwenzake.